Ngazi za Kuthibitisha Kwamba Siwezi Kupanda Ngazi

Asubuhi mguu wangu wa kushoto uliponisaliti kwa mara ya kwanza, nilikuwa nimesimama chini ya bendera mbele ya biro, yaani ofisi yetu, pale Beni, pamoja na watumishi wenzangu wa serikali. Serikali gani, hilo hata sisi tulikuwa bado tunaulizana. Waasi walikuwa wameingia mjini wiki ileile, wakatutangazia kwamba serikali sasa ni wao na kwamba kila asubuhi saa moja na nusu tutasimama na kuimba. Mimi nilikuwa karani wa état civil: niliandika waliozaliwa, waliooana na waliokufa. Kazi hiyo haibadiliki hata utawala ukibadilika. Nilibadilisha muhuri tu, na ile picha iliyotundikwa ukutani juu ya kichwa changu.

Wimbo ulipofika katikati, mguu ulizimika. Haikuwa ganzi ya mtu aliyekaa vibaya. Ulikuwapo, halafu haukuwapo. Nikaanguka mbele, nikadaka kamba ya bendera ili nijiokoe, na bendera ikashuka pamoja nami hadi mavumbini.

Shefu wetu mpya, mtu mnene aliyeletwa na waasi, akaja akanisimamia kichwani.

"Hii njo politique unafanya?"

"Hapana, shefu. Muguu imelala."

"Imelala? Saa moja na nusu ya asubui? Muguu ya mutumishi wa Leta?"

Nikapewa demande d'explication, ile karatasi ambayo mtumishi wa Leta, yaani wa serikali, anapaswa kuijibu kwa maandishi kabla hajafukuzwa. Nikajibu kwa Kifaransa kizuri kwamba mguu wangu haukuwa na msimamo wowote wa kisiasa. Wenzangu walisema barua ile ilikuwa nzuri sana. Shefu aliiweka kwenye jalada langu kama ushahidi wa kiburi.

Mimi ni mtu wa Kasai. Nilizaliwa mwezi uleule nchi ilipopata uhuru, na mama yangu alipenda kusema kwamba mimi na nchi tulianza kutambaa pamoja. Nilitumwa Beni nikiwa kijana, nikaoa Butembo, katika familia ya Wakatoliki wauza vitambaa, tukapata watoto, na nilipokaribia miaka arobaini nilijihesabu kuwa mtu mzima mwenye afya. Baada ya siku ya bendera mambo yakaanza kufuatana. Jicho la kulia liliingia ukungu kwa wiki tatu, rangi nyekundu ikawa kama matofali yaliyonyeshewa, kisha likapona lenyewe bila kuomba radhi. Vidole vya miguu vilihisi kama vimevaa soksi hata nilipokuwa peku. Jua la saa sita likinichoma, au nikioga maji ya moto, nilikuwa mtu wa kubebwa. Na kila nilipoinamisha kichwa kumsalimu shefu, mkondo wa umeme ulishuka kutoka shingoni hadi kiunoni. Beni nzima haikuwa na umeme miaka ile isipokuwa kwa wenye jenereta. Mimi nilikuwa nao mgongoni, bure.

Kila mtu alijua ninaumwa nini. Shefu alijua ni kasikisi, pombe yetu ya ndizi. Muuguzi wa Oicha, mji wa jirani, alijua ni malaria, na malaria ilipokataa alijua ni tifoidi, na tifoidi ilipokataa akanipa dawa ya minyoo. Mama mkwe, aliyekuwa Butembo, alijua ni sumu. Kwa heshima ya ukwe hakuwahi kunitazama usoni alipozungumza nami. Aliutazama mlango na kumtuma binti yake.

"Ambia bwana yako," aliuambia mlango, "banamutilia kitu mu chakula kule ku biro. Banataka kiti yake."

"Mama, ile kiti iko na miguu tatu tu," mke wangu akajibu. "Nani atauwa mutu juu ya ile?"

Wanajeshi wa kizuizi cha barabara ya Butembo nao walikuwa na maoni yao. Siku moja waliniteremsha kwenye lori, wakachora mstari kwenye vumbi kwa kitako cha bunduki, wakaniambia niufuate. Nilijitahidi kwa moyo wote. Nilitoka nje ya mstari hatua ya tatu, nikamkumbatia mkubwa wao ili nisianguke.

"Huyu eko mulevi muzuri," mkubwa alisema akicheka. "Anapenda jeshi."

Mke wangu ndiye aliyechoka na madaktari hao wote. Kaka yake aliagiza bidhaa kutoka Kampala, kama nusu ya wafanyabiashara wa Butembo, na lori lake lilikwenda huko kila mwezi. Mke wangu alinipandisha mbele pamoja na dereva, yeye akakaa nyuma juu ya magunia ya kahawa, tukavuka mpaka. Kule Kampala waliniingiza kwenye mashine inayopiga picha ya ndani ya kichwa, yenye kelele kama mafundi bati kumi. Daktari, mzee mpole aliyesema Kiswahili cha shule, alizitazama picha zangu kwenye mwanga kwa muda mrefu, akamwita daktari mwingine, naye akamwita wa tatu.

"Ugonjwa huu tunausoma vitabuni," akaniambia hatimaye. "Hupenda watu wa nchi za baridi. Kwa mtu wa kwetu, sijauona zaidi ya mara chache."

Nakiri kwamba kwa muda wa saa nzima nilijivuna. Kisha akanieleza. Mishipa ya fahamu ina ganda kama waya wa umeme, na askari wa mwili wangu, badala ya kupigana na adui, walikuwa wanalitafuna ganda hilo. Ugonjwa utapanda na kushuka, alisema. Utaondoka mpaka uamini kwamba umepona, halafu utarudi. Kuna sindano za kutuliza shambulio linapokuja. Dawa ya kuung'oa hakuna. Nilimwambia kwamba askari wanaokula nyumba wanayoilinda nimewaona tayari, na kuwaona sikuhitaji mashine. Hakucheka. Aliandika jina la ugonjwa kwenye karatasi, kwa Kifaransa, kwa sababu ndiyo lugha ya jalada langu: sclérose en plaques.

Jina hilo liliniletea tabu kuliko ugonjwa wenyewe. Niliporudi biro na kulisoma kwa sauti mbele ya shefu, alikunja uso.

"Plaques? Plaques ya namna gani?"

"Iko mu kichwa, shefu. Na mu mugongo."

"Mon cher, mapikipiki yote ya Butembo inatembea bila plaque, ile ya namba. Police inatafuta plaques tangu mwaka juzi. Weye unapata yako mu kichwa?"

Biro nzima ilicheka, na mimi nilicheka pia, maana niliona nikikaa kimya nitalia. Kuanzia siku hiyo nikaitwa Monsieur Plaque.

Sasa nilihitaji cheti cha ulemavu. Bila cheti, kuchelewa kwangu kulikuwa uvivu, kutokuja siku za mashambulio kulikuwa utoro, na kukaa wakati wa wimbo kulikuwa uasi dhidi ya waasi. Cheti kilitolewa na tume ya watu watatu iliyokaa orofani katika jengo letu hilohilo, juu ya ngazi ishirini na mbili. Kanuni ilisema mgonjwa lazima afike mwenyewe mbele ya tume. Kanuni hiyo naijua vizuri kwa sababu mimi ndiye niliyeipiga kwa taipureta enzi za serikali ya zamani, na mimi ndiye niliyeisimamia. Mama mmoja aliwahi kuja kumwombea mumewe aliyepooza. Nilimwambia mwenye mwili aje na mwili wake. Walimleta kwa kipoyi, machela ya miti, kutoka Oicha, watu wanne wakipokezana usiku kucha, wakampandisha ngazi akining'inia kama gunia, nami nikatia alama kwenye karatasi: amefika. Nilikula chakula changu cha mchana siku ile bila kukwama.

Nilipoitwa mimi, ilikuwa wiki nzuri. Mguu ulikuwa umerudiwa na akili kidogo. Nilipumzika kwenye kila ngazi ya nne, ngazi sita za mwisho nilizipanda kwa magoti na viganja, nikaingia chumbani nikiwa nimelowa jasho kama niliyetoka mtoni. Mezani walikaa shefu wetu, muuguzi wa jeshi, na mtu wa usalama ambaye kazi yake ilikuwa kunitazama.

"Umefika namna gani hapa juu?" muuguzi aliuliza.

"Kwa ngazi."

"Weye peke yako?"

"Mimi peke yangu."

Wakatazamana. Muuguzi akaandika.

"Bon. Mutu mwenye kupanda ngazi makumi mbili na mbili hapana mulema."

"Na kama ningeshindwa kupanda?"

"Pale ungekuwa haukufika mbele ya commission," shefu akasema kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto hesabu. "Dossier inafungwa."

Niliomba kujua mtu afanye nini ili apate cheti. Walishauriana kwa dakika kadhaa, na mtu wa usalama akafungua kinywa kwa mara ya kwanza. Alisema hilo ni swali la kichochezi.

Karatasi yangu ilipigwa muhuri: apte, yaani mzima. Nilishuka ngazi kwa makalio, moja moja. Mwezi uliofuata shambulio lilinikamata miguu yote miwili, nikalala wiki tano, na biro ikaniandika mtoro. Kisha waasi wa kwanza wakafukuzwa na waasi wengine, ambao jambo lao la kwanza lilikuwa kufuta maandishi yote ya wale wa kwanza. Nilitumaini kwamba utoro wangu nao umefutwa. Walifuta apte, utoro wakaubakiza, na kwa huo nikafukuzwa kazi.

Tukahamia Butembo, kwenye nyumba ya mama mkwe. Kutoka kituo cha malori hadi nyumbani nilisafirishwa kwa chukudu, ule mkokoteni wa mbao wa magurudumu mawili unaobeba viazi na mkaa. Mwenye chukudu, mwanamume wa umri wangu, alinikalisha kati ya makabichi akaniambia nisijali, jana alibeba nguruwe na hakuanguka. Watu wa mtaa walitoka kumtazama mtumishi wa Leta akirudi ukweni.

Kuanzia hapo kicheko kiliniisha. Nimesimulia mengi hapa kwa mzaha, lakini miezi ile sina namna ya kuigeuza mzaha. Niliacha kunyoa ndevu. Niligeukia ukuta asubuhi, na jioni mke wangu aliporudi sokoni alinikuta nikiutazama ukuta uleule. Chakula kilikuwa kama pamba. Nililala sana bila kupumzika. Hata siku ambazo miguu ilikuwa tayari kutembea, mimi sikuwa na mahali pa kuipeleka.

Wageni walikuja kunifariji, maana Butembo mgonjwa haachwi. Mmoja alinikumbusha kwamba jirani yake amepoteza nyumba kwa vita. Mwingine alinisimulia familia iliyokimbia msitu mzima kwa miguu, akamaliza kwa kusema: "Na weye uko na kitanda, uko na bibi, unalilia nini?" Wa tatu, katekista, alisema huzuni ni kumkosea Mungu shukrani. Wote walisema kweli, hicho ndicho kilichonimaliza. Katika nchi ambayo kila mtu ana msiba mkubwa, mimi nilikuwa na msiba ambao hauna hata risasi moja ya kuonyesha. Niliona haya kuwa na huzuni, halafu nikawa na huzuni kwa sababu ya haya.

Mchana mmoja mke wangu alikuwa anakunja vitenge kitandani, nikamwambia, bila kumtazama, kwamba nyumba hii ingekuwa nyepesi kama mimi nisingekuwapo. Nilisema kama mtu anayesema mvua itanyesha. Aliacha kukunja.

"Baba ya batoto. Unasema nini?"

"Ninasema tu."

"Hapana. Ile hapana maneno ya kusema tu. Unawaza kujiuwa?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo waziwazi. Nilitaka kukataa, nikajikuta nimesema, "Siku ingine, ndiyo." Hakupiga kelele wala hakuita katekista. Alikaa karibu nami, akashika mguu wangu usiohisi kitu, akaushikilia tu. Kisha akaondoka na kurudi na yule mwenye chukudu.

Mke wangu alinipeleka kwa masera, mtawa muuguzi kwenye zahanati ya parokia, mwanamke mfupi wa Lubero mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilianza kumweleza habari za mguu, jicho, umeme wa mgongoni. Alinisikiliza hadi mwisho, akafunga daftari.

"Ile yote nimesikia," alisema. "Na roho? Roho iko namna gani?"

Madaktari watatu, tume moja na serikali mbili hawakuwa wameniuliza hilo. Nililia mbele ya mtawa kama mtoto aliyepotea sokoni, na mke wangu akalia pia, na masera akatungoja, akisafisha miwani.

Alinieleza kwamba ugonjwa huu haukai miguuni peke yake. Unaingia hadi mahali furaha inapotengenezwa, na juu yake unaongeza mzigo wa kupoteza kazi na jina. "Ile hapana uvivu, hapana zambi," alisema. "Ni ugonjwa ndani ya ugonjwa. Na hii ya ndani tunaweza kuitunza." Alinipa vidonge vya kunywa kila siku, akanionya kwamba nisitarajie kitu kwa wiki tatu au nne. Alimwambia mke wangu asiniache peke yangu wiki hizo. Kisha akaniamuru, maana sauti yake haikuwa ya kuomba, nije kila siku ya ine, yaani Alhamisi, kukaa na wenzangu.

Wenzangu walikuwa kama kumi, chini ya paa la mabati nyuma ya zahanati. Aliyejifanya mwenyekiti wetu alikuwa sajini mmoja aliyepoteza mguu kwa bomu la ardhini, aliyewahi kupigania waasi wa kwanza na pia wa pili, kwa hiyo wote walimkana. Siku ya kwanza alinikagua kutoka juu hadi chini.

"Weye uko na miguu mbili na hautembei," alisema. "Mimi niko na moja na ninatembea. Sasa mulema ni nani?"

"Commission inasema hakuna."

Alicheka hadi fimbo yake ikaanguka. Nami nikasikia sauti ngeni, nikagundua ni mimi ninayecheka. Ilikuwa wiki ya tano ya vidonge, maana Alhamisi nne za kwanza nilikataa kwenda.

Hatukuwa malaika pale. Tulibishana sana nani ana ulemavu bora. Sajini alijivunia kwamba wake unaonekana toka mbali. Mama mmoja mshonaji, aliyepata polio utotoni, alisema wake ni wa zamani kuliko uasi wote, kwa hiyo una cheo. Wangu walisema ni wa kitajiri, una jina la Kifaransa na umepigwa picha Kampala. Lakini mtu akikosa Alhamisi mbili, sajini alimfuata nyumbani kwake kwa mguu mmoja na kumtukana kwa Lingala hadi avae viatu. Mimi alinifuata mara tatu.

Sajini ndiye aliyesema twende Beni wote kwa pamoja kudai tume ishuke chini. Niliandika barua, kwa Kifaransa kilekile kizuri, tukapanda lori la kaka wa mke wangu. Tulipofika biro tulikuta meza ya tume iko chini, karibu na mlango. Tukashangaa nguvu ya barua ambayo hata hatujaitoa mfukoni. Kumbe wanajeshi walikuwa wamehamia orofani na familia zao, na mbuzi wao pia, na tume haikuwa na pa kukaa. Sajini alitangaza ushindi hata hivyo, na tulipiga makofi.

Shefu alikuwa yuleyule. Alikuwa amebadilisha picha ukutani na uasi moyoni, tumbo ndilo lilibaki. Alinitazama nikiingia kwa magongo mawili.

"Monsieur Plaque! Haukupona?"

"Bado, shefu."

Kwa kuwa hapakuwa na ngazi, hapakuwa na mtihani, na walitoa vyeti kumi kabla ya saa sita. Tulikuwa tumefika nusu ya njia ya kurudi niliposoma changu vizuri. Kwenye nafasi ya aina ya ulemavu karani mpya alikuwa ameandika cécité complète. Nilikuwa kipofu kabisa, kwa muhuri na sahihi tatu. Mshonaji alisema turudi wakasahihishe. Sajini alimkataza dereva asisimame. Alisema wakilifungua tena jalada langu watanifanya mzima.

Kwa hiyo mimi ni kipofu wa serikali. Kwenye kizuizi cha barabarani wanajeshi walinishika mkono kwa huruma na kuniongoza polepole, nami niliwashukuru kwa majina yaliyoandikwa vifuani mwao, na hakuna aliyewahi kushangaa.

Miaka imepita. Uasi uliisha, mwingine ukaanza. Magongo yaligeuka kiti cha magurudumu, alichonitengenezea fundi wa baiskeli. Nilifungua meza mbele ya duka la mke wangu, pale Butembo, ninawaandikia watu barua na maombi ya kupeleka biro mbalimbali, na wateja wangu wengi ni wale walioambiwa warudi kesho. Huzuni haikuondoka moja kwa moja. Huja kama ugonjwa wenyewe, hukaa wiki, hushuka. Vidonge niliacha kwa idhini ya masera, nikavirudia kwa idhini yake, na sioni haya tena kusema hivyo mbele ya katekista.

Kila asubuhi mke wangu huniuliza roho iko namna gani, na tumekubaliana kwamba sitamdanganya. Leo nilimjibu kwamba iko vibaya kidogo. Alinimiminia chai, akafungua dirisha, akaniwekea kitambaa kibichi shingoni kwa ajili ya jua, akasema atapita kwa masera kabla ya sokoni. Mimi nikaanza kuvaa suruali, kazi ya nusu saa, maana barazani kulikuwa na mama aliyefika mapema akiningoja nimwandikie barua.